Nani Atampokea?

Kosa lilikuwa langu. Nimekaa darasani miaka mingi nikiwaambia watoto wa watu kwamba kukosea si aibu, aibu ni kuficha daftari, kwa hiyo acha na mimi nilifungue langu. Tutakwenda pole pole. Ni kosa la kitenzi kimoja tu, na kitenzi chenyewe ni chepesi: kupokea.

Nimestaafu. Naishi Visiga, nafuga kuku, na Jumapili nasali Maili Moja. Siku moja mchungaji wetu alikuja nyumbani, akakaa, akasifu kuku wangu mmoja mmoja, nikajua ana shida.

"Mwalimu," akasema, "tuna wageni kutoka ng'ambo. Wanakwenda Kisarawe kuhubiri. Wanahitaji mkalimani."

"Mchungaji, mimi Kiingereza nilifundisha darasa la nne."

"Na wao Kiswahili ndiyo kwanza wako la kwanza. Mtaelewana."

Akaniambia kijiji chenyewe ni Msimbu. Hapo nikakubali, kwa sababu Msimbu ndiko nilikoanza kazi nikiwa msichana, na mama aliyenipangisha chumba wakati ule bado yu hai. Nitamwita mama mwenye nyumba, ingawa tangu mwezi wa pili alikataa kodi yangu na kuniambia nimsaidie kupalilia mihogo. Ni Mwislamu wa ukoo wa Waislamu, na katika sebule yake ndimo nilimojifunza kupika chakula kinacholika.

Wageni walikuwa kumi na mmoja. Utotoni mwangu mmisionari alikuwa mtu anayekuja na sanduku moja, anaugua malaria, anajifunza lugha, anazeeka na kuzikwa nyuma ya kanisa. Hawa walikuja kwa siku tisa, mbili kati ya hizo zikiwa za mbuga za wanyama. Siwacheki kwa hilo. Dunia imebadilika, na tiketi za kwenda na kurudi zipo. Walikuwa watu wazuri, wachangamfu, wepesi wa kukumbatia. Walivaa fulana za rangi ya chungwa zilizoandikwa kifuani TUNAPENDA WEWE. Kwenye gari nilimweleza binti mmoja kwamba katika Kiswahili mtu unayempenda humwachi nje ya kitenzi, unamwingiza ndani: tunakupenda. Akafurahi sana, akaandika kwenye simu yake, akawaeleza wenzake. Wote wakafurahi. Fulana zilikuwa zimeshachapwa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya usafi. Katika msafara alikuwemo muuguzi, mwanamke mkarimu mwenye sauti ya kengele, na yeye alikuwa ametunga wimbo wa kunawa mikono. Tukapewa uwanja wa shule, ndoo yenye bomba, na sabuni. Wazee walikaa mbele kwenye madawati, kwa kuwa mtendaji wa kijiji alikuwa amepitisha habari kwamba kuna wageni, na mgeni hasusiwi. Muuguzi akaonyesha: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha. Nami nikatafsiri kwa bidii, mbele ya watu wanaonawa mara tano kwa siku mpaka nyuma ya masikio.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hebu muulize. Kichwa hatupaki maji?"

Nikauliza. Muuguzi akasema kichwa si lazima.

"Na miguu?"

Muuguzi akasema tuanze na mikono kwanza, tusikimbilie mambo mengi.

Mzee akamgeukia jirani yake. "Masikini. Ndo wanaanza."

Na kwa upole wa hali ya juu wazee wote wakaimba wimbo wa kunawa, ubeti wa kwanza na wa pili.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, ndipo nilipokosea. Tulia hapa kidogo, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapa.

Kiongozi wa msafara alikuwa mchungaji mrefu, mwenye macho yanayolowa haraka. Alianza kwa tangazo. Mmoja wao, daktari wa macho, alikuwa amekwama uwanja wa ndege kwa sababu sanduku lake lilipotea. Sasa sanduku limepatikana, na ndani mna miwani ya kusomea. Daktari atafika kesho. Nikatafsiri, na uwanja ukachangamka kama kuku waliomwagiwa mtama. Msimbu miwani haiuzwi gengeni.

Kisha, bila hata kumeza mate, kiongozi akaingia kwenye mahubiri. Hayakuwa marefu. Mwishoni akafumba macho, akashusha sauti, nami nikashusha yangu. Akasema, nami nikasema: "Yuko mlangoni. Ametoka mbali sana kwa ajili yako. Nani atampokea?"

Kwenye karatasi ningeandika Yeye kwa herufi kubwa, kila mtu angejua anayesemwa. Mdomo hauna herufi kubwa. Na mtu pekee aliyetajwa jioni ile kuwa yuko njiani, anatoka mbali, kwa ajili yetu, alikuwa daktari wa macho.

Tena kitenzi chenyewe ni kile. Kwetu pwani mtoto hufundishwa kupokea kabla hajafundishwa kuhesabu. Ukimwona mtu anashuka na mzigo, humwachi. Unamkimbilia, unauchukua mfuko mkononi mwake, hata kama ni mwepesi, hata kama humjui. Mtoto akikaa tu anaambiwa, "Huoni mgeni? Hebu mpokee." Sasa uwaulize watu wazima, hadharani, mbele ya majirani, nani atampokea mgeni aliyetoka mbali. Nani atabaki na mkono mapajani?

Mikono iliinuka yote. Mtendaji aliinua. Mama mwenye nyumba aliinua. Mwalimu wa madrasa, mzee mwenye kofia ya viua iliyopigwa pasi vizuri, aliinua mkono wake taratibu kama mtu anayejitolea gari.

Kiongozi akafumbua macho, akaona, akalia. Vijana wakapiga picha. Binti yule wa fulana akatoa daftari lenye jalada gumu, akaketi mezani, na watu wakapanga foleni kwa heshima kuandikisha majina. Mimi nilikaa pembeni yake kumsaidia tahajia.

Mwanamume mmoja akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha akaongeza, "La kushoto ndo baya zaidi."

"Anasemaje?" binti akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea.

Na sasa sehemu ninayoona haya kuiandika. Ningeweza kusimama papo hapo nikasema, jamani, nimekosea, tuanze upya. Darasani ningefanya hivyo. Lakini mimi ni Mkristo, mtoto wa Wakristo, na kwa dakika mbili tatu nilikuwa nimeuona msitu ule wa mikono na moyo wangu umejaa. Nikatafsiri neno kwa neno: "Anasema jicho la kushoto linamsumbua."

"Tutamwombea," akasema binti, akamwandika.

Wageni walirudi kulala Kisarawe mjini. Mimi nililala kwa mama mwenye nyumba, kama zamani. Asubuhi tukiwa tunakunywa chai, jirani yake, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, akapita na ndoo.

"Bwana asifiwe, mama mchungaji," akasema.

"Asifiwe," akajibu mama mwenye nyumba bila kugeuka. "Na sufuria langu ulirudishe."

"Mtu aliyeokoka anadai sufuria?"

"Wewe si nawe uliandikwa?"

"Mimi niliwapa jina la mbuzi wangu." Akaenda zake, mabega yakicheka.

Mama mwenye nyumba akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hebu nieleze. Lile daftari la nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, herufi kubwa na yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakukasirika, jambo lililoniumiza zaidi.

"Kwa hiyo huko kwao mimi sasa ni Mkristo?"

"Katika daftari, mama. Ndiyo."

"Unifutie."

"Nitakufutia leo leo."

"Subiri." Akatazama mikono yake. "Na miwani?"

Ili uelewe swali hilo, ni lazima nikuambie yeye ni nani pale. Ndiye aliyesomesha watoto wa mitaa ile msahafu, wavulana na wasichana, mama zao na bibi zao. Kukiwa na hitima, wanawake wanamngoja yeye ndipo Yasini ianze. Lakini macho yamekuwa yakimwacha, na miezi ya karibuni amekuwa akisoma kwa kumbukumbu huku kitabu kimefunguliwa kwa heshima tu. Katika hitima iliyopita aliruka aya moja. Mke mdogo wa mtu, aliyekuja kuolewa juzi, akamsahihisha kwa sauti mbele ya kina mama wote. Alhamisi ile iliyokuwa mbele yetu ilikuwa hitima ya mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja. Alitaka kusoma akiona.

Nikaenda shuleni kumtafuta kiongozi. Nilimkuta ndiyo kwanza amefika, anapiga mswaki kando ya gari. Nikamweleza kosa langu kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, nikamchorea hata kwenye vumbi: huyu daktari, huyu Bwana, huyu mimi katikati. Alisikiliza kwa makini sana. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Dada," akasema, "Mungu hutumia hata makosa yetu."

"Lakini walikuwa wanampokea daktari."

"Mbegu ni mbegu."

"Mchungaji, mmoja ni mbuzi."

Akacheka kwa upendo. Alidhani ni mfano wa Maandiko. Akanionyesha simu yake. Picha ya mikono ilikuwa imeshafika kwao, na kanisa lake lilikuwa limekesha likiombea majina yote, moja baada ya jingine. Niliwaza watu wema, sehemu yenye baridi, wamefumba macho wakimwombea mbuzi wa Msimbu adumu katika imani.

Nikauliza tu kuhusu miwani.

"Miwani si mingi," akasema. "Tutaanza na ndugu zetu wapya, walio kwenye daftari. Wakibaki wengine, tutaona."

Nikarudi kumwambia mama mwenye nyumba. Alikuwa akitoa mawe katika mchele kwa vidole, kwa kuwa kwa macho hakuyaona.

"Yaani wanaopokea ndo wanaopokelewa."

"Ndivyo, mama."

"Basi usinifute. Nipimwe kwanza. Kisha nitajifuta mwenyewe."

"Na maneno ya watu?"

"Watu wataniita mama mchungaji siku tatu. Aya nikiiruka Alhamisi, wataisema mpaka nife."

Daktari alifika saa nne. Alikuwa kijana mwembamba, mchovu, asiye na fulana kwa kuwa yake ilikuwa katika sanduku la pili ambalo bado lilikuwa limepotea. Ndiye pekee katika wale kumi na mmoja aliyenisalimia akangoja jibu. Akatundika kadi ya herufi ukutani mwa darasa. Mlangoni akakaa kiongozi na daftari, akiita majina.

Akaitwa mbuzi wa jirani. Jirani akasema nimtafsirie kwamba huyo hajambo, yuko malishoni.

Mama mwenye nyumba akaingia, akakaa kitini wima, mkoba mapajani.

"Mwambie asome mstari wa juu," akasema daktari.

"Sioni cha kusoma pale," akajibu mama.

Daktari akamvika vioo vizito zaidi. "Na sasa?"

"Vile vidude vimekuwa vikubwa. Bado si vya kusoma."

Akaongeza tena. Mama akasema sasa anawaona mpaka mchwa kwenye ubao, lakini cha kusoma hakipo. Daktari akakunja uso, akaanza kutafuta katika sanduku miwani ya mtu aliyekaribia kuwa kipofu. Ndipo nikazinduka. Mimi, niliyeishi nyumbani kwake, nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Msimbu analijua: mama mwenye nyumba hakwenda shule yetu. Herufi zetu hizi, A na B, hazijui. Yeye alisoma chuoni, madrasa ya baba yake, na anasoma na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto.

Nikamweleza daktari.

"Hajui kusoma, kwa hiyo?" akasema kiongozi kutoka mlangoni, kwa huruma.

"Amefundisha kusoma nusu ya kata hii," nikasema. "Kadi ndiyo haijui."

Daktari akacheka kidogo, akafikiri, kisha akaniuliza kama mama ana kitu chake mwenyewe anachopenda kusoma. Nikamtafsiria. Mama akafungua mkoba. Kilikuwamo, kimefungwa katika kitambaa cheupe; alikuja nacho makusudi. Lakini hakukigusa. Akaomba maji kwanza.

Muuguzi, aliyedhani ana kiu, akampa chupa. Mama akatoka nayo mpaka kibarazani, akachuchumaa, akanawa: viganja mara tatu, mdomo, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, akapaka maji kichwani na masikioni, akamalizia miguu. Chupa moja ndogo ilitosha, hakuna tone lililopotea. Muuguzi alisimama mlangoni ameshika kifua.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Juzi tu. Tayari amelishika somo, na ameongeza."

Nilitaka kumweleza, lakini mzee wa juzi, aliyekuwa kwenye foleni, akaniambia, "Mwache, mwalimu. Atakua."

Mama akarudi, akakifungua kitabu. Daktari akajaribu miwani ya kwanza, ya pili. Kwa ya tatu nikaona mabega ya mama yanashuka. Akapitisha kidole juu ya mstari bila kuugusa, kisha akaanza Yasini, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiniamsha nikiwa mwalimu mpya, thabiti, haiombi ruhusa kwa mtu. Foleni nje ikanyamaza. Mwalimu wa madrasa akavua viatu.

Alifika mahali, nadhani ndipo aliporuka aya ile, akasimama, akarudi nyuma, akaisoma mara mbili. Akafunga kitabu, machozi yanapita chini ya miwani.

Kiongozi naye alikuwa akilia. Alikuwa amerekodi. "Ni lugha ya kabila lake?" akaninong'oneza. "Anamshukuru Mungu?"

Lilikuwa swali gumu kuliko alivyodhani. "Anamshukuru Mungu," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli. Kisha nikamweleza na kilichobaki: kitabu ni kipi, lugha ni ipi. Akaizima simu taratibu. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Daktari alikuwa ameinamia sanduku lake, anatabasamu.

Mama mwenye nyumba akasimama, akaenda mlangoni, akaweka kidole kwenye daftari.

"Mwanangu, nionyeshe nilipo."

Nikatafuta, nikamwonyesha. Akainamia, kwa miwani mipya, akalitazama jina lake lililoandikwa kwa herufi asizozijua.

"Ndo mimi huyu? Mbona mfupi hivi?"

Akachukua kalamu mkononi mwa kiongozi, kwa adabu, kwa mkono wa kulia, akavuta mstari juu ya jina, ulionyooka kama wa rula. Kisha chini yake, kutoka kulia kwenda kushoto, akaandika maneno machache, akairudisha kalamu.

Kiongozi akaniuliza ameandika nini. Nikalazimika kukiri kwamba sijui kuzisoma herufi zile. Miaka yote ile katika sebule yake sikuwahi kumwomba anifundishe. Nikamgeukia mama.

"Nimeandika: nimepokea miwani, moja, ahsante," akasema mama. "Si ndo walichouliza? Nani atapokea."

Nikatafsiri. Kiongozi alitazama maandishi yale mazuri kwa muda mrefu, na nilingoja. Nilikuwa nimeeleza kila kitu, kwa mpango, bila kuruka hatua. Nilimwona akilipokea lile neno, akiligeuza, akikaribia kabisa kuelewa. Kisha macho yakalowa.

"Kwa hiyo amejiandika tena," akasema. "Kwa mkono wake mwenyewe. Kwa lugha ya moyo wake." Akapiga picha.

Walimu wenzangu mtanielewa. Kuna mwanafunzi ambaye unamtia moyo tu na kumwachia Mungu.

Alhamisi sikuweza kwenda kwenye hitima, nilikuwa uwanja wa ndege nikitafsiri kuagana. Ijumaa mama mwenye nyumba akanipigia simu. Alisoma Yasini yote, hakuruka kitu. Na yule mke mdogo wa mtu alimfuata baada ya ubwabwa, akamwambia na yeye siku hizi herufi zinacheza, akauliza miwani ile inapatikana wapi.

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nimemwambia awangoje wageni wengine. Wakiuliza nani atampokea, ainue mkono haraka. Na akiwa na mbuzi, amwandikishe."